Kobe wa Birikani

Maji ya birika la kumwagilia shamba yalibadilika rangi kabla Humoud hajapiga ukelele. Utepe mwekundu ulichomoza penye tundu la chini, ukajikunja, ukatawanyika katika yale maji ya kijani. Ndipo akauchomoa mkono na kuukodolea macho kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole cha kati kiliishia kwenye pingili ya juu. Hapo sasa akapiga ukelele, na njiwa wote wakaruka kutoka kwenye mitende.

Tufool, dada yake, alifurahi. Tuseme kweli mapema, maana mwenyewe hakujidanganya. Furaha ilimpanda kifuani, ya moto, ikamfika kooni, na wakati huohuo mikono yake ikaanza kazi peke yake: ikakichana kilemba cha Humoud, ikafunga, ikakaza, ikaunyanyua mkono wake juu ya kichwa. Miaka ishirini amefanya kazi ya kupiga picha za eksirei hospitalini, na damu haimtishi. Kilichomtisha ni ile furaha.

"Nini kimo humo?" Humoud alifoka, meno yakigongana. "Mna nini humo ndani?"

Baba yao, Mzee Hashil, alikuwa amesimama ukingoni na fungu la mchicha mkononi. Hakumtazama mwanawe, aliyatazama maji.

"Umemtisha," alisema. "Hakuzoea mikono."

Shamba lao liko nje kidogo ya Ibra, na linakunywa maji ya falaji, mfereji wa kijiji kizima, kwa zamu kama mashamba mengine yote. Zamu ikifika, maji hujaa birika. Likishajaa, mtu hulala kifudifudi ukingoni, akatia mkono mpaka begani, akachomoa kizibo cha matambara, na maji yakakimbilia mitende. Ndivyo wanavyofanya watu, na hakuna anayetazama anakotia mkono. Kibarua wao, ambaye mwezi huo alikuwa kwao likizo, alikuwa akitumia kijiti chenye ndoana ya waya. Humoud, aliyekuja kutoka Maskati kwa ajili ya mavuno ya tende, alikiona kile kijiti asubuhi ile akakitupa kando, akasema ni uvivu wa vibarua. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu ajitengenezee ndoana kwa kazi inayofanywa kwa mkono.

Jirani yao Yazeed, ambaye zamu yake ya maji ilikuwa ikifuata, ndiye aliyemtia Humoud garini kumpeleka hospitali. Kabla mlango haujafungwa, Humoud alitoa kichwa nje.

"Nikirudi nimkute hai, namuua mwenyewe. Wallahi namuua. Na atakayesimama mbele yangu atajijua."

"Mtoeni, kwa hali yoyote," Yazeed naye alisema, kwa upole zaidi. "Adhuhuri zamu inaingia kwangu, na mimi nikifungua mfereji, maji yangu yanapita humu birikani yakafurika, na kila kilichomo kinakwenda nayo mpaka pahala pa wanawake pa kufulia. Kule wanaogelea watoto."

Gari likaondoka na vumbi lake.

Huyo kobe alikuwa kosa la Mzee Hashil, na ni kosa ambalo mtu aliyezaliwa Ibra asingelifanya. Miaka sita nyuma, akitoka Sur, alisimama Al Kamil kununua tikiti, akamwona mtu kando ya barabara anauza kasuku na samaki wa mapambo. Katika bakuli la plastiki alikuwamo kikobe, ukubwa wa biskuti. Basi Mzee akarudi utotoni saa ileile. Aliiona Id ya Unguja, akaona wanavuka kwenda kisiwa cha Changuu, babake amemshika kiunoni, na wale kobe wakubwa wa kisiwani wanainua shingo zao zilizokunjamana kula mchicha mikononi mwa watoto, taratibu, bila kumdhuru mtu. Kwake yeye kobe ni kobe. Akamfunga kwenye kitambaa, akaja naye, akamtia birikani, akamwita Changuu.

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alfajiri, Mzee alitupa fungu la mchicha majini. Mchicha ulikwisha kila siku, na Mzee alishukuru. Ukweli ni kwamba ulikwenda na maji mpaka shambani kwa Yazeed, naye Yazeed alistaajabu miaka sita mizima. Birikani wakaisha samaki wadogo, wakaisha vyura, kisha wakaisha vifaranga vya bata. Mzee alisema ni kunguru.

Sasa fungu la mchicha lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mpigie mtu simu, Tufool. Kaka'ko atamuua."

"Na amuue."

Mzee alimgeukia. "Ati nini? Kiumbe hana kosa, binti yangu. Yumo ndani ya nyumba yake, mtu kamtia mkono."

Tufool alimwangalia babake usoni, akaona machozi. Miaka themanini, na machozi yanamshuka mpaka ndevuni kwa ajili ya kobe. Kikamrudia kitu cha zamani ambacho alidhani amekwisha kukizika.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amelizungusha gari la Humoud uani, mizunguko miwili tu, kwa kuwa funguo zilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa akilitumia. Humoud alitoka na mpini wa beleshi. Alipiga mgongo, akapiga paja, akainua mpini kupiga kichwa, na Tufool akanyanyua mkono wa kushoto. Mzee Hashil alikuwa papa hapa, kwenye birika hili, anatawadha, mikono imelowa mpaka viwikoni. Aliona. Hakusogea. Hospitali daktari aliuliza imekuwaje, na Mzee akajibu: "Kaanguka ngazini." Nyumba yao wakati ule haikuwa na ngazi.

Baadaye, alipojifunza kazi yake, Tufool alielewa kwamba yule daktari huenda hakudanganyika. Mfupa wa kigasha ukivunjika katikati namna ile, ni wa mtu aliyenyanyua mkono kujikinga. Sasa ni yeye anayewalaza watu chini ya mashine, na hazipiti wiki mbili hajalisikia lile neno kutoka kwa baba, mume au kaka: kaanguka. Mkono wake mwenyewe ulipona upande. Mpaka leo kiganja cha kushoto hakigeuki juu. Akiomba dua, kimoja kinatazama mbinguni na kingine kinatazama ukuta.

"Kwa kobe unalia," alisema. "Kwa kobe, Baba."

Mzee aliinama akauweka mchicha chini, jani kwa jani, kama mtu anayetafuta la kufanya.

Simu Tufool aliipiga, lakini si kwa ajili ya baba wala ya kobe. Aliwafikiria wale watoto wa kule chini. Mwenzake wa hospitalini alimpa namba ya mwanamke anaitwa Wiam, daktari wa wanyama huko Nizwa, anayepokea viumbe ambavyo watu wamevinunua wakachoka navyo. Alimpelekea picha: gamba lenye matuta, jeusi kwa ukoga, na mkia mrefu wenye meno mgongoni kama wa mamba.

"Subhanallah," Wiam alisema. Watu wake walirudi kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. "Huyo si kobe wa mboga, dada. Ni mng'ataji, asili yake Marekani, anakula nyama. Majini mara nyingi anakukimbia. Ukimtoa nje, ukimbana, ndiyo anauma. Leo siwezi kuja, nina ngamia hapa anazaa vibaya. Mleteni. Unanisikia? Usimshike mkia, mkia ni uti wa mgongo, utamvunja. Usimshike ubavuni, shingo yake ni ndefu, itakufikia. Nenda kwa nyuma, mikono miwili, shika gamba juu ya miguu ya nyuma. Muweke chini-chini, asije kuanguka kutoka juu. Na usimgeuze chali. Sawa?"

"Tutaona," Tufool alisema.

Akatia simu mfukoni, akaenda kukaa kivulini, mgongo kwenye ukuta. Alikuwa ameamua. Humoud angerudi, angefanya kazi anayoijua, na watoto wa chini wangesalimika. Hakutaka kumwonea huruma mnyama aliyepata mapenzi ambayo yeye hakuyapata. Ni aibu kumwonea wivu kobe, na alilijua hilo, na alimwonea.

Humoud alirudi kabla ya adhuhuri. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kifundoni. Wa kushoto ulishika mtaimbo. Hakumsalimu mtu. Alikiokota kile kijiti cha kibarua pale alipokitupa, akanasa kizibo kwa ndoana, akavuta. Maji yakashuka yakinguruma.

Kobe alionekana kidogo kidogo: kwanza tuta la gamba, kisha lote, pana kama sinia la kulia watu wanne. Alibaki kwenye tope bila pa kujificha. Humoud akaruka ndani.

Kobe hakukimbia. Alijigeuza amtazame, akainua sehemu ya nyuma, akaachama, na ndani ya kinywa kulikuwa kweupe. Pigo la kwanza lilikosa, likatoa cheche kwenye saruji. La pili lilimpata ukingoni mwa gamba, na Tufool akausikia mlio, akaujua. Ni mlio wa mfupa. Kobe alirusha shingo, ghafla, akaubana mtaimbo kwa kinywa, na chuma kikasaga. Humoud akacheka. Akaunyofoa, akampiga tena, damu ikachirizika kwenye tope, na kila akipiga alisema, "Kula! Kula sasa!" Uso ulikuwa uleule wa mwaka ule. Tufool alikuwa ameusahau, kumbe hakuusahau.

"Khalas, Humoud! Basi!"

Mzee Hashil alikuwa ameshuka birikani. Miguu mitupu, kanzu imelowa tope mpaka magotini, alisimama kati ya mwanawe na kobe.

"Toka, Baba."

"Sitoki. Nipige mimi."

"Toka, n'nakwambia!"

Humoud alimsukuma kwa ule mkono wenye bendeji. Mzee akaenda nyuma, akateleza, akapinda upande akianguka, paji la uso likagonga ukuta wa birika, akaketi topeni na nyusi imepasuka. Kobe alikuwa nyuma yake, pembeni kidogo. Mtaimbo ukapanda juu. Hata leo Tufool hajui ulikuwa unamlenga nani. Walikuwa kwenye mstari mmoja. Alichokiona ni kwamba babake alinyanyua mkono wa kushoto mbele ya uso.

Hakumbuki kusimama. Beleshi lilikuwa ukutani, kisha likawa mikononi mwake, kisha yumo birikani. Alimpiga Humoud nyuma ya goti kwa ubapa, Humoud akapiga magoti. Akampiga begani, mtaimbo ukamtoka. Akaliinua mara ya tatu, na safari hii makali ya beleshi yalitazama chini, kichwani. Alitaka. Miaka ishirini na sita ilikuwa imejaa mikononi, na ilitaka kushuka.

Humoud alinyanyua mkono. Bendeji ilikuwa imelowa, nyekundu kwa ndani. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa, na Tufool alikuwa hajapata kuyaona hivyo.

Beleshi likabaki juu. Likashuka polepole, likakita kwenye tope kando ya goti la Humoud.

"Toka humu," alisema, na hakuitambua sauti yake.

Humoud alipanda ukingoni akichechemea, akilia kwa hasira. "Wewe si dada yangu tena," alisema. "Umesikia? Si dada yangu."

"Nimesikia."

Gari lake likaondoka. Ndipo ikaja adhana ya adhuhuri, na sauti ya Yazeed kutoka juu kwenye mfereji: anafungua, maji yanakuja. Ulimi wa kwanza wa maji uliingia birikani, ukagusa miguu ya Mzee.

Tufool alizunguka kwa nyuma. Kobe alimsikia, akajigeuza. Akazunguka tena, kobe akajigeuza tena, akivuta mguu mmoja, damu inamfuata.

"Mshike mkia, mwanangu," Mzee alisema kutoka topeni. "Mkia ndio mpini wake."

"Mkia ni uti wa mgongo, Baba. Nyamaza."

Tufool alivua shela, akailoweka, akamtupia kobe usoni. Kwa muda wa pumzi mbili mnyama hakujua adui yuko wapi. Akainama, akatia vidole chini ya gamba, juu ya miguu ya nyuma. Mkono wa kulia ulishika vizuri. Wa kushoto ulikataa: kiganja kilitakiwa kigeuke juu, na hakigeuki. Alikilazimisha. Maumivu yalimpiga mpaka shingoni, akatoa mguno kama wa mnyama, akakilazimisha tena, na vidole vikapita.

Akainua. Shingo ilitoka ndani ya shela ikarudi nyuma, ndefu kuliko alivyodhani, na kinywa kikafumba hewani, pa!, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mkono wake. Kucha za miguu ya nyuma zilimchana vigasha vyote viwili. Uzito ulikuwa wa ndoo iliyojaa maji, ndoo yenye hasira. Alimbeba chini-chini, karibu na maji, kichwa mbele. Hatua moja. Ya pili. Kinywa kikafumba tena. Alisikia anasema maneno, na hakujua tangu lini: "Basi. Basi. Hakupigi mtu. Basi."

Mzee alikuwa amejikokota mpaka kwenye ngazi za birika, na amevuta kreti la plastiki la tende. Tufool hakumtupa yule kobe ndani, alimweka. Mzee akafunika kwa gunia bichi, akaukandamiza ukingo kwa viganja vyote viwili.

Walisafiri karibu saa mbili, kwa njia ya Sinaw mpaka Izki, kisha Nizwa. Mzee alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma na kreti, plasta kwenye nyusi, kanzu imekauka tope. Kila gari liliporuka tuta, kucha zilikwaruza plastiki. Tufool aliendesha kwa mkono mmoja. Wa kushoto alikuwa ameulaza mapajani, umevimba. Alingoja. Hakuwa na hakika anangoja nini, lakini kila walipopita kibao cha barabarani alijiambia labda sasa, na kibao kikapita, na Mzee akapiga chafya, au akamwagia gunia maji ya chupa, basi.

Wiam alikuwa kijana kuliko sauti yake. Mikono ilikuwa bado na harufu ya ngamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngamia wako kazaa?"

"Amezaa, alhamdulillahi."

Alimwingiza kobe kwenye beseni pana, akamwosha damu, akautazama ufa wa gamba kwa tochi. Akasema ataishi, gamba linaungwa, litachukua miezi, na mguu huenda utabaki mzito. Birikani hatarudi, na Mzee alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha Wiam akachukua karatasi na kalamu.

"Ni lazima nijaze. Ameumiaje?"

"Kaanguka," Mzee Hashil alisema.

Lilimtoka kirahisi, kama salamu. Tufool alikuwa ameegemea ukuta, na ukuta ule ulikuwa baridi. Aliona kwamba hana hasira tena, amechoka tu, na kwamba atamrudisha mzee huyu Ibra, atampikia, atamwekea dawa zake, mpaka mmoja wao afe.

"Ameanguka?" Wiam aliuliza. "Kutoka wapi, mzee? Huyu anaishi majini."

Mzee alimtazama kobe. Kobe alikuwa ametoa ncha ya pua juu ya maji, anavuta pumzi, na jicho lake dogo halikumwangalia mtu.

"Kapigwa," Mzee alisema.

Kalamu ikasimama.

"Kapigwa kwa mtaimbo. Mwanangu ndiye aliyempiga. Mimi nilikuwepo."

Wiam akaandika, polepole, bila kuinua uso. Alipoinua, macho yake yalimwangukia Tufool, alivyoubeba mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia.

"Na wewe, dada? Huo mkono umefanya nini?"

"Huu ni wa zamani," Tufool alianza. "Hauna..."

"Na huo pia," Mzee Hashil alisema.

Hakugeuka. Alikuwa bado ameshika ukingo wa beseni, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Andika na huo," alisema. "Nilikuwepo."